Mtungi wa Mhando

Habari ya kifo cha Mhando niliipata sokoni Korogwe, nimechuchumaa nyuma ya vyungu vyangu, nikibishana na mwanamke mmoja aliyekuwa akiugonga mtungi wangu kwa kidole kana kwamba anabisha hodi. Mtu wa makamo mwenye gunia la mahindi begani akasimama mbele yangu, akaniamkia, akauliza kama ndimi yule mfinyanzi aliyefanya kazi zamani kwa askari waliorudi kutoka Burma. Nikamwambia ndimi. "Pole basi, mama," akasema. "Mzee Mhando wa Misima ametangulia mbele ya haki. Keshokutwa ni arobaini yake. Binti yake kanituma nikutafute." Na mimi, kikongwe nisiye na meno ya nyuma, nikamjibu, "Mhando yupi?" Lo! Mhando yupi. Yule bwana akanihurumia, akidhani uzee umenila kichwa, akaanza kunieleza Mhando wa ukoo upi, mwenye shamba upande upi, na mimi nikawa namwitikia kwa kichwa kama mjinga. Zaidi ya miaka arobaini imepita, na haujapita msimu hata mmoja wa kuchoma vyungu bila jina lile kunijia. Kumbe hata mtu akishakufa bado nilitaka kumkana.

Nilikwenda. Nilipanda basi la Handeni, nikashuka Misima, nikaelekezwa nyumba. Watu walikuwa wameshakula, wanawake wanasugua masufuria, wanaume wako barazani na kahawa. Mariamu, binti yake, alikuja kunipokea kwa magoti yote mawili chini. "Shikamoo, bibi. Ndiwe Fundi?" Nikaitika marahaba, lakini lile jina la Fundi likanichoma, maana aliyekuwa akiniita hivyo alikuwa mmoja tu. Akanikalisha mkekani ndani, akaleta wali na nyama, kisha akapanda juu ya kinu, akafikia darini, akateremsha kitu kilichofungwa kwa khanga kuukuu. Akaniwekea mapajani. Nilikijua kwa uzito kabla sijakifungua. Ulikuwa udongo, na haujapita motoni. "Baba alisema tusikupe mpaka azikwe," Mariamu akasema. "Alisema akiwa hai ungekataa kuja." Alinijua vizuri, Mungu amrehemu. Sikuifungua ile khanga mbele ya watu. Na ili nieleze kwa nini, inanibidi nirudi mwaka ule wa bohari, na huo sijapata kuusimulia wote kwa mtu yeyote.

Ulikuwa mwaka uliofuata vita. Nilikuwa na umri wa kama miaka ishirini, na mikono yangu ilikwisha kujulikana Korogwe nzima. Mtungi wangu ulikuwa haunung'uniki, ukiugonga unalia kengele. Nasema hivyo makusudi, ili ujue kiburi kilianzia wapi. Njia ya kwenda Ngombezi palikuwa na bohari la zamani la katani, la mabati, na serikali ilikuwa imelisafisha na kupanga vitanda safu mbili kwa ajili ya askari ambao vita vilikwisha lakini havikuwaishia. Wengine walikuwa na vidonda, wengine hawakuwa na kidonda unachoweza kukionyesha kwa kidole. Harufu ya katani haikutoka mle hata walipopaka chokaa. Asubuhi hadi adhuhuri ulisikia mitambo ya mkonge ikinguruma ng'ambo ya mashamba, na ilipozimwa kwa chakula ndipo wale wanaume walipoketi vitandani na kutazamana, kama watu walioamshwa. Msimamizi alikuwa mwanamke wa Kizungu, mrefu, mwenye miwani minene. Sisi tulimwita Bibi Miwani. Yeye alikuwa na imani moja, kwamba mkono ukipata kazi ya kutengeneza kitu, moyo utaufuata. Alijaribu kusuka vikapu, wakakataa, wakasema wao si wafungwa. Alijaribu kuwapa rangi na karatasi, wakazunguka nazo tu bila kuchora kitu. Ndipo aliponifuata sokoni na Kiswahili chake cha kitabuni: "Je, mfinyanzi, waweza kuwafundisha waungwana hawa?" Nilicheka mpaka nikaona haya. Kwetu udongo ni kazi ya wanawake. Mwanamume hafiki hata machimboni.

Walinicheka na wao, sana. Siku ya kwanza niliweka bonge la udongo juu ya meza ya mbao za masanduku, wakalizunguka kama wanatazama nyoka aliyekufa. Lameck, Msambaa wa milimani huko juu ya Mombo, ambaye vidole vyake viliungua vikakunjamana kama makucha ya kuku, akasema, "Tumempiga Mjapani, sasa tumerudi kufinyanga vyungu vya wake zetu?" Sefu mpishi, aliyekuwa akisikiliza dirishani na mwiko mkononi, akamjibu, "We Lameck, mke mwenyewe huna. Finyanga kwanza mke." Basi wakacheka, na kicheko ndicho kilichowaketisha. Chumba kile nakiona hata sasa: dirisha la waya, mwanga unaoingia na vumbi la katani, ndoo ya maji, na wanaume wanane wakikanda. Mchana Sefu aliwaletea bada, ule ugali wa muhogo, na mboga chungu ya mchunga, siku nyingine dagaa, nao walikula pale pale na udongo kwenye kucha huku wakisimuliana Burma. Nilisikia mengi nikijifanya sisikii. Walizungumza mvua za kule, na ruba, na nyama ya makopo iliyowatapisha. Waliokufa hawakuwataja kabisa. Mazungumzo yakikaribia huko, mmoja aliomba chumvi.

Mhando hakuzungumza lolote. Alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na ukuta, Mzigua wa Misima, mrefu, mzuri wa uso, mikono inatetemeka mchana kutwa kama ya mtu mwenye homa. Mlango ukibamizwa alikuwa chini ya kitanda. Kiswahili alikuwa amekifunga. Ukimsemesha Kiswahili aligeukia bati, kwa kuwa ndicho walichoamriwa nacho kule. Kizigua alijibu neno moja, mawili, na kati ya watu wote wa bohari ni mimi peke yangu niliyejua Kizigua. Hilo likumbuke. Siku moja nikiosha mikono nyuma ya jiko nilimsikia Sefu akimnong'oneza dereva: "Yule wa mwisho, daktari amesema masika yakiisha hajapata nafuu, anapelekwa hospitali ya vichaa. Na huko ndugu yangu, harudi mtu." Nilirudi ndani, nikachukua donge la udongo, nikaenda nalo hadi kitandani kwake, nikamwekea kiganjani na kumfumba vidole. Nikamwambia kwa lugha ya kwao, "Kaka, minya tu. Haukudai kitu huu." Akaminya. Udongo ukatoka katikati ya vidole. Akaukusanya, akaminya tena. Alifanya hivyo hadi chakula cha mchana, na alipopewa bakuli mikono ilikuwa imetulia. Sefu aliiona, akaniita pembeni. "Shemeji," akasema, maana alipenda kunitania kwa Mhando, "umemfanyaje mtu wetu?" Bibi Miwani aliiona vilevile, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

Sanamu ya kwanza ilimchukua siku nyingi. Ilikuwa mtu ameketi, magoti juu, kofia imeteremka usoni, urefu wake kama shubiri moja. Nikamwuliza ni nani. Akanitajia jina, akaniambia nilitaje na mimi. Nikalitaja. Akatingisha kichwa, akataka nilirudie. Hivyo ndivyo tulivyokwenda, wiki baada ya wiki: sanamu moja, jina moja, nami nakariri kama mwali anayefundwa. Na kila jina lilitoka na kipande cha hadithi. Walikuwa saba, wa kikosi chake, kwenye handaki moja. Walikaa humo tangu alfajiri bila maji, na yeye ndiye aliyekuwa na miguu myepesi, basi wakamtuma na chupa zao zote kwenye kijito. "Waliniambia, fanya haraka Mhando, tuna kiu," alinisimulia, akilainisha bega la mmoja wao kwa kidole gumba. "Wakanitania, wakasema nisikae huko kuoga." Aliporudi bomu lilikuwa limeshapita pale. Alisimama na chupa saba zimejaa. Aliponiambia hivyo hakulia, mimi ndiye niliyelia, na yeye akanipa kitambaa cha kufutia udongo, nikajipaka uso mzima, akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza katika bohari lile, na wote waligeuka kutazama.

Niliona sanamu zinaanza kujaa kwenye ubao wa ukutani kwake, nikamwambia nitamwonyesha jinsi ya kuzikomba ndani ziwe na uwazi, na kuzitoboa tundu chini, ili zistahimili moto. Akakataa. Akasema, "Hizi si za moto, Fundi. Wewe unajua za namna hii zinakwenda wapi." Nilijua. Kwetu, watoto wakitiwa jandoni, hufinyangiwa vitu vya udongo vya kuwafundishia. Na sisi wanawake tuna vyetu, sisemi zaidi. Vikishasema maneno yake havichomwi wala havitunzwi. Hurudishwa majini vikiwa vibichi, vikayeyuka, na lililosemwa likabaki kifuani mwa mtu. Ndivyo Mhando alivyotaka kuwafanyia wenzake. Alikuwa akingoja masika yapungue, mto ushuke, aende nao mwenyewe hadi ukingoni, awape maji waliyomtuma. Kwa hiyo sikumfundisha kukomba, na ule udongo sikuutia vigae vilivyotwangwa kama ninavyoutia wa vyungu. Ziligeuka sanamu nene, mbichi, nzito, nzuri ajabu. Ya saba ilikuwa ndogo kuliko zote: mtu mdogo wa umri, ameweka mkono sikioni kana kwamba anasikiliza mtu anayerudi.

Sasa nifike pale ninapozunguka. Bibi Miwani alipata barua kwamba wakubwa wanakuja kutoka Tanga, Jumamosi, kuangalia kama bohari lina faida au lifungwe. Alisimama mbele ya ule ubao wa Mhando, uso umemwiva. "Wakiziona hizi," akaniambia, "hawatalifunga. Watazichukua wakazionyeshe Dar es Salaam. Na wewe nitawaomba wakupeleke Tanga ukafundishe wengine. Lakini je, zitasafiri?" Nikamwambia mbichi hazisafiri, zitavunjika kabla ya Muheza, ni lazima zichomwe. "Basi mwulize Mhando kama anaridhia. Ni zake." Nikamgeukia. Alikuwa ameketi pale pale, mkono kwenye ndoo. Nikamwuliza kwa Kizigua. Akajibu taratibu, bila wasiwasi wowote, kama mtu anayezungumza na ndugu yake: "Hapana. Mwambie hawa wana kiu, mimi nitawapeleka mtoni mvua ikitulia. Usiwachome, Fundi." Nikamgeukia Bibi Miwani, nikasema kwa Kiswahili safi: "Anasema ni sawa. Amefurahi."

Nimeutafutia uongo ule sababu nyingi, na zote zina ukweli kidogo. Nilitaka bohari lisifungwe. Nilitaka Tanga. Na nilikuwa mfinyanzi, na mfinyanzi hawezi kuona kazi nzuri kama ile ikirudi kuwa matope. Nilijisemea udongo uwahi ungali maji, methali ya watu, nikaipindisha kwa faida yangu. Na kuna sababu moja niliyoificha hata kwangu mwenyewe. Siku atakayowapeleka wale saba mtoni, siku ya pili yake angerudi Misima, nami sikutaka aende. Nilikuwa nampenda. Ndiyo, Sefu alikuwa sahihi, mjinga yule. Linaloniuma zaidi ni kwamba Mhando alikuwa askari miaka minne. Alikifunga Kiswahili mdomoni, lakini masikio hayana kufuli. Niliposema "amefurahi" aliinua macho akanitazama, kisha akarudisha mkono ndooni. Huenda alisikia. Huenda alisikia, akadhani rafiki yake hawezi kufanya hivyo.

Nilichoma Alhamisi asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na sanamu zilikuwa na unyevu bado. Nilizianika juu ya jiko la Sefu siku mbili, nikajidanganya kuwa rangi imebadilika. Bibi yangu aliyenifunza kazi hii angenipiga kofi. Kitu kinene namna ile, kisicho na uwazi, kinahitaji mwezi mzima kukauka, nami nililijua hilo kuliko jina langu. Wanaume walikuwa wamekwenda na Sefu mtoni kufua, nikakadiria watarudi adhuhuri, kila kitu kimekwisha. Nikapanga sanamu saba nyuma ya jiko, nikazizungushia kuni, nikafunika nyasi na maganda ya miti, nikawasha. Lakini mawingu yalifunga juu ya Usambara, Sefu akawahimiza warudi mapema wasinyeshewe. Nilisikia sauti zao njiani wakiwa na ndoo na madebe, wakimcheka Lameck kwa kuimba vibaya, na wakati huo huo moto ulikuwa umeshika barabara. Ya kwanza ikapasuka. Paa! Mlio wa bunduki kabisa. Nyingine ikafuata. Ndoo zikaanguka. Watu waliofua nguo zao wakicheka walikuwa kifudifudi kwenye matope, mikono kichwani, Lameck akimwita mama yake.

Mhando hakulala chini. Alikuja mbio kwenye moto na debe la maji aliloteka mtoni, akipiga kelele kwa Kiswahili, Kiswahili ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kinywani mwake: "Maji haya! Maji haya! Nimekuja!" Nikamrukia nikamshika mkono, nikasema usimwage, lakini nguvu sikuwa nazo. Akalimwaga debe lote. Mtu yeyote anayejua kazi yetu anajua udongo ulio motoni ukimwagiwa maji unafanya nini. Zile tano zilizobaki zikalia pamoja, pa-pa-paa, mvuke ukatufunika sote wawili. Ulipotoka alikuwa amepiga magoti kwenye majivu, anachambua vipande kwa mikono mitupu, haoni kama inaungua. Akasema kwa sauti ndogo, na safari hii kwa Kizigua, kwa hiyo ni mimi tu niliyeelewa: "Nimechelewa tena. Maji yangu ndiyo yaliyowamaliza."

Hapo ndipo ningesema. Ilitosha sentensi moja. Mhando, si maji yako. Zilikuwa mbichi, nami nilijua. Zingepasuka zote hata usingekuja. Mdomo ulikuwa wazi. Bibi Miwani akaja anakimbia, miwani mkononi, anauliza, "Amesema nini? Amesema nini?" Nikamwambia hajasema kitu.

Wakubwa walikuja Jumamosi, wakanywa chai na biskuti kwenye meza tupu. Mikono ya Mhando ilikuwa imefungwa bendeji, na ndani ya bendeji ilikuwa inatetemeka tena. Nikasikia kupitia dirisha la waya wakisema kazi ya udongo inawachafua akili wagonjwa, ikomeshwe, na Bibi Miwani, aliyekuwa jasiri siku zote, hakujibu, kwa kuwa aliyaona mwenyewe yaliyotokea na hakuyajua yaliyoyaleta. Meza ikapelekwa jikoni. Lameck, ambaye vidole viwili vilikwisha kufunguka kwa kukanda, alinifuata siku niliyokuwa nafunga vitu vyangu. "Dada, niachie donge moja tu," akasema. Nikampa, lakini walimnyang'anya jioni ile ile. Hao nao nawahesabu juu ya shingo yangu, wanaume wanane waliokuwa wameanza kupona na hawakumkosea mtu. Kabla Mhando hajapelekwa kwa vichaa, kaka zake walikuja kutoka Misima kumchukua. Nilisimama mlangoni. Alikuwa na furushi dogo, linalialia kama lina mawe ndani. Alinipita bila chuki usoni. Akasema, "Kwaheri, Fundi," na ndilo neno la mwisho nililolisikia kwake.

Misima si mbali. Mtu akiamua, asubuhi yuko Korogwe na mchana yuko Misima. Sikwenda mwaka ule wala mwaka wa pili. Niliuza vyungu Korogwe, niliuza Mombo kwa abiria, bendera ikabadilika, sikwenda. Niliambiwa ameoa, anaishi, anakula, anasema kidogo, na nikaifanya hiyo kuwa ruhusa. Mara moja nilimwona mjini Handeni, kipara kimeshaanza, anachagua khanga kwenye duka la Mhindi, na mimi mtu mzima nikajibanza nyuma ya majora ya nguo ya duka la pili hadi akaondoka. Majuto yangu yalikuwa na miguu, kazi yake ilikuwa kukimbia tu.

Basi niliporudi kutoka arobaini nilifunga mlango, nikaifungua khanga. Ulikuwa mtungi. Mtungi mdogo wa maji, wa mwanamume aliyejifunza peke yake: mdomo umepinda kidogo, tumbo limekaa vizuri. Mabegani mwake una vinundu saba vimezunguka, cha saba kidogo kuliko vingine. Nikaupeleka dirishani. Ndani ya udongo ule mbichi wa kijivu niliona chembe nyekundu, nyingi, zilizosambaa sawasawa, nikajua ni nini kabla sijaigusa moja kwa ukucha. Zilikuwa vigae vilivyotwangwa. Lile furushi, vipande vya wale saba. Alilitunza miaka yote, kisha akalitwanga na kulitia katika udongo, kama alivyoniona nikitia kwenye vyungu vyangu, ili usiogope moto. Nikakumbuka maneno aliyonipa Mariamu mlangoni, ambayo yeye mwenyewe hakujua maana yake, alikuwa akifikisha salamu tu: "Baba alisema, mwambie Fundi auchome yeye, mimi mlio ule siuwezi. Kisha autie maji. Na mwambie asiogope, nimeukausha miaka miwili."

Miaka miwili. Kwa hiyo alijua. Mwanamume haanzi kukausha udongo miaka miwili mpaka awe amejua kilichopasua wa kwanza. Alijua si maji yake, na sijui alilijua lini, kama ni juzi au ni mwaka ule ule, na kama ni juzi, basi miaka yote iliyotangulia aliubeba mzigo wangu akidhani ni wake. Ningeweza kumwondolea kwa sentensi moja na nauli ya kwenda Misima.

Niliuchoma wiki iliyofuata, jua kali, upepo umelala. Sikumwita mtu kunisaidia. Niliweka kuni za mkwaju, nikafunika, nikawasha, nikakaa chini na mikono kichwani kama wale wanaume kwenye matope. Nilikaa nikingoja mlio. Moto ulipanda, ukashuka, majivu yakawa meupe, na mtungi haukulia. Nilipouchokoa ulikuwa mzima, mwekundu, na nilipougonga ulinijibu. Nililia kwa sauti mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Maana kumbe ndicho kilichokuwa kinahitajika siku zote, kungojea ukauke.

Sasa unakaa pembeni mwa kitanda changu, na maji yake ni baridi, hauvuji. Kila asubuhi nachukua kata, nachota humo na kumwaga mlangoni, kata moja kwa mtu mmoja, namtaja kama alivyonifundisha: Yohana, hii yako. Athumani, hii yako. Magesa. Kitwana. Simoni. Ndaro. Wa saba, yule mdogo mwenye mkono sikioni, uso wake ninao, kofia yake ninayo, hata kidole kimoja cha mguu alichokisahau kumfanyia nakikumbuka. Jina limenitoka. Nilirudi Misima kuuliza. Mariamu hajui, kaka zake Mhando wamekufa, hakumwambia mtu mwingine. Alinikaririsha mimi, akaridhika kwamba lina mahali pa kukaa. Basi kata ya saba naimwaga bila kusema kitu.